Usimwambie Mtu "Imehifadhiwa" Kabla Databesi Haijajibu

Nimekaa miezi mingi natengeneza programu ya kusoma na kuandika databesi kupitia brauza, ya depo moja ya samaki hapa Lamu, na kuna jambo limenikaa rohoni nataka niliseme manake naona vijana wengi wanaojifunza kazi hii wanafundishwa kinyume chake. Wanaambiwa mtu akibonyeza tu mwonyeshe alama ya kijani hapo hapo, ajisikie programu ina kasi, mengine yatajipanga nyuma. Kwa kupenda picha ya mtu mtandaoni sawa. Kwa kilo za mvuvi mimi nakataa kabisa.

Hali ya depo iko hivi. Databesi ni MySQL, imekaa kwenye seva ng'ambo, karani ana kompyuta moja na intaneti anaivuta kwa foni, mara ipo mara haipo. Mashua zikifunga asubuhi watu wanajaa pale kwenye mzani, huyu ana changu, huyu tafi, huyu pweza, kila mmoja anataka kilo zake ziandikwe aende akapumzike. Hakuna wa kusubiri ukurasa mzima ulodi upya kila mstari ukiandikwa.

Ndo maana nikatumia maombi ya asinkronasi, yaani ukurasa unatuma ombi kwa seva halafu unaendelea na kazi zake, jibu likija unabadilisha sehemu ile moja tu. Si kitu kipya. Microsoft waliiweka njia hii kwenye Internet Explorer 5 mwaka 1999, ilianzia kwa watu wa Outlook waliotaka barua pepe isomeke vizuri ndani ya brauza, na mwaka 2005 Jesse James Garrett akaipa jina la Ajax ndo ikavuma. Siku hizi tunaandika fetch, amri ya JavaScript, lugha ya programu za brauza, ila kazi ni ile ile. Na brauza haiongei na MySQL moja kwa moja, ule mlango wa 3306 ambao MySQL inasikilizia, ukurasa wa wavuti hauwezi kuugonga, kwa hivyo lazima kuwe na programu ya katikati kwenye seva inayopokea ombi, inauliza databesi, inarudisha JSON, yaani data iliyopangwa kama maandishi. Hata ingewezekana nisingefanya, nywila ya databesi haikai kwenye ukurasa ambao yeyote anaweza kuufungua akausoma ndani.

Sasa nije kwenye lililoniuma. Toleo la kwanza nililiandika kama nilivyofundishwa, kijani papo hapo. Siku moja mtandao ukakatika katikati ya ombi, kijani kishawaka, karani akasema haya, mwingine, na yule mzee akaondoka. Jioni kwenye hesabu pweza wake hayupo. Mzee amekesha baharini, skrini imesema ameandikwa, databesi haina habari naye. Karani akanipigia, "Mwanangu, mimi kwa macho yangu niliona kijani." Sikuwa na la kujibu, kijani kile nilikiweka mimi.

Nikakitoa. Nikaweka isubiri jibu ndo iwake. Haikuchukua siku nyingi likaja la pili, ombi limefika, databesi imeandika, lakini jibu ndo limepotea njiani, muda ukaisha, karani akaona kimya akabonyeza tena na kilo 14 zikawa 28. Hapo ndo nikaelewa kwamba kutopata jibu si sawa na kutofanikiwa, ni hali ya tatu, na programu nyingi hazina hata neno lake kwenye skrini.

Dawa yake si ngumu. Brauza inatengeneza namba ya kipekee pale pale karani anapoanza kujaza mzigo, namba hiyo inasafiri na ombi, na kwenye jedwali safu ya namba hiyo ina UNIQUE, sharti kwamba namba moja isiandikwe mara mbili. Abonyeze mara tano, ombi lirudiwe na programu yenyewe, databesi inakubali mara moja tu, zinazofuata inazikataa, na seva ikiona kukataliwa huko kumetoka kwenye namba ile inajibu kwamba mzigo huu ninao tayari. Hata kompyuta mbili zikituma kwa pamoja databesi ndo inaamua, siyo skrini.

Upande wa kusoma nako skrini inaweza kudanganya. Ukiandika "ta" kwenye kisanduku cha kutafuta inatuma ombi, ukimalizia "tafi" inatuma jingine, na hakuna aliyeahidi kwamba la kwanza litarudi kwanza, unaweza kuona neno tafi juu na orodha ya majibu ya "ta" chini. Mimi nafuta ombi la zamani kwa AbortController, kifaa cha brauza cha kukatiza ombi. Lakini jueni, kufuta kwenye brauza hakuisimamishi databesi, swali zito linaweza kuendelea kule kwenye seva hakuna anayelingoja, kwa hivyo kitufe changu cha "Simamisha" kinaiambia seva itume KILL QUERY, amri ya MySQL ya kukatisha swali, kwa njia nyingine ya muunganisho. Kitufe kisichofanya hivyo kisiitwe Simamisha.

Na namba ndefu pia. JSON ikisomwa na JavaScript, namba nzima ikizidi 9007199254740991 inaweza kubadilika kimya kimya tarakimu za mwisho, kwa hivyo safu za BIGINT, yaani za namba nzima kubwa, nazituma kama maandishi. Mistari naleta 50 kwa mara moja, bando la karani si la kuchezea.

Saa hizi skrini ya depo ina maneno matatu. "Inatumwa." "Imeingia." Na "Sijui bado, naangalia", hili linatokea jibu likichelewa, programu yenyewe inarudi kuuliza seva kama ile namba imeandikwa mpaka ipate uhakika. Mwenzangu mmoja aliniambia hilo la tatu litawatia watu wasiwasi. Wavuvi wamelizoea, siku hizi wanazunguka upande wa karani wanasimama wanaangalia skrini, na haondoki mtu kwenye mzani mpaka aone imeingia.