Kiti cha ngozi hakitakiwi kung'aa

Nenda sehemu yoyote ya kuoshea magari Dar es Salaam, iwe Sinza, Tabata au Mbezi, swali ni lilelile: "Bosi, na viti tupige polishi?" Ukiitikia, kijana anachukua dawa ileile aliyopakia dashibodi, anaimimina kwenye sponji na kupitisha kiti kwa kiti. Muda si mrefu ndani kunameremeta. Mwenye gari anafurahi, analipa, anaondoka. Hiyo huduma mimi naikataa, na natamani kila mwenye Harrier, Crown au Forester ya viti vya ngozi aikatae pia.

Ngozi ya kawaida ya gari inapotoka kiwandani haing'ai. Imetulia, haina mwako. Ukiona kiti kinameremeta, basi ama kimepakwa kitu, ama kimeshiba jasho na mafuta ya miili ya waliokikalia. Angalia kiti cha dereva, ule ukingo wa upande wa mlango ambao unausugua kila unapopanda na kushuka. Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, tia kisafishaji cha ngozi kidogo, sugua hapo taratibu bila kukandamiza. Kitambaa kitatoka na rangi ya chai ya mkandaa. Futa, acha pakauke, kisha linganisha na sehemu ambayo hujaigusa. Ulipopasafisha mng'ao umeondoka, na vile vistari vidogo vya ngozi vimeonekana tena. Hiyo ndiyo sura halisi ya kiti chako.

Wengi tunaambiwa ngozi inahitaji "kulishwa" mafuta isikauke. Kwa viatu au mkoba wa ngozi isiyopakwa rangi juu, sawa. Lakini ngozi nyingi za magari zimepakwa rangi, na juu ya rangi kuna utando mwembamba wa poliyurethani, aina ya plastiki. Dondoshea tone la maji utaona: linakaa juu tu, halinywewi. Sasa kama maji hayaingii, mafuta ya nazi yataingilia wapi? Vaselini na gliserini nazo ni hivyohivyo, sehemu kubwa inabaki juu, inanasa vumbi, inachafua suruali, na kwenye viti vyenye vitundu inaziba vitundu. Tone likizama na kuacha doa jeusi, hapo una ngozi isiyo na utando. Ni nadra kwenye magari yetu, na hiyo itafutie dawa yake maalumu.

Kwa hiyo tunachokilinda ni ule utando. Unaliwa na vitu vitatu: mchanga na vumbi vinavyosagwa kila tunapokaa, jasho, na jua. Ukishalielewa hilo, dukani hupati shida ya kuchagua.

Cha kwanza kununua ni kisafishaji, na hapo ndipo pesa yako iende. Tafuta kilichoandikwa kuwa ni cha ngozi ya gari na kwamba hakina alkali kali. Ngozi iliyodabaghiwa ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) iko chini ya 7, wakati sabuni ya mche huwa juu ya 9, yaani ni alkali. Ukiosha mara moja hutaona kitu. Ukiizoea, utando unalegea na rangi inaanza kutoka. Lexol ya Marekani na Colourlock ya Ujerumani wana visafishaji vya namna hii, na zipo chapa nyingine nzuri. Usiangalie ukubwa wa chupa, soma maandishi. Spiriti usiikaribishe kabisa, inavua rangi. Na ile sponji nyeupe ya kufutia madoa ya ukutani inasugua kama msasa.

Dawa ya kulinda nainunua ya pili, na kwangu sifa yake ni moja: ikikauka, nisijue kama ipo. Isiteleze, isinate, ising'ae. Wenye viti vya rangi ya maziwa ndio wanaihitaji zaidi, kwa sababu jinzi mpya inachuja na ile buluu ikishakaa muda mrefu kuitoa ni kazi. Ipakwe kwenye kiti kilichosafishwa tu. Ukipaka juu ya uchafu, umeufungia humo.

Jua halina dawa ya chupa ya kutegemea. Kiti cheusi kilichopigwa na jua moja kwa moja kinapita nyuzi 50 kwa urahisi. Kizuizi cha kioo cha mbele, kile cha kukunja kinachouzwa hata kwenye foleni, kinafanya kazi kubwa kuliko losheni yoyote niijuayo. Kivuli cha mwembe nacho kinatosha, ukikipata.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: gari likitangazwa lina viti vya ngozi, mara nyingi ngozi halisi ni pale unapokalia na kuegemea tu. Pembeni na nyuma ni plastiki. Hizo sehemu zinahitaji kufutwa, basi. Ukizipaka losheni ya bei mbaya umeimwaga.

Kama kiti kimeshapasuka nyufa, usimwamini anayekuuzia mafuta ya kuzifunga. Nyufa zinajazwa na kupakwa rangi upya, ni kazi ya fundi. Na hapa ndipo polishi inapokuja kudai deni lake, kwa sababu nyingi zina silikoni, na rangi haishiki juu ya silikoni, inabanduka. Ukimpelekea gari, mwambie mapema viti vilikuwa vinapakwa nini, ili avisafishe mpaka silikoni yote itoke kabla hajagusa kopo la rangi.