Simu mpya mjini, simu mbovu mlimani

Wiki ya Krismasi iliyopita nilimpeleka mama kwa fundi simu. Tulitoka Kibosho asubuhi na hiace, tukashuka stendi ya Moshi, tukatembea taratibu hadi kwa fundi mmoja mwenye meza yake barazani karibu na Double Road. Simu alikuwa ameifunga kwa mpira mwembamba, ule wa kufungia noti, kwa sababu mfuniko wa nyuma ulikuwa hautulii. Fundi alipoutoa ule mpira mfuniko ukajiachia wenyewe. Betri ilikuwa imevimba kama andazi.

“Mama, hii unalala nayo wapi?”

“Chini ya mto, mwanangu. Ili nisikie ikilia.”

Fundi aliniangalia mimi, siyo mama. Kisha akachukua kijiti cha plastiki na kuanza kuibandua ile betri polepole sana, akiwa ameshika pumzi, maana betri ya lithiamu iliyovimba ukiitoboa inaweza kuwaka moto pale pale mezani.

Simu ile ilikuwa yangu. Nilimpa mama mwaka 2022 nilipochukua nyingine, na siku nampa nilimwambia, “Mama, hii bado nzima kabisa.” Nilijua kwamba ikifika saa kumi jioni inazima. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya mimi kununua mpya.

Tangu siku ile nimekuwa nikiitazama kwa jicho jingine namna yetu ya kubadilisha simu, sisi watu wa Kilimanjaro, na ninataka niseme wazi ninachokiona.

Karibu kila Septemba Apple hutoa iPhone mpya. Samsung huleta Galaxy S zake mwanzoni mwa mwaka. Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni moja ya Shenzhen iitwayo Transsion, hutoa matoleo mengi kiasi kwamba hata wauzaji wetu huchanganya majina. Lakini Moshi haifuati kalenda ya Septemba. Moshi inafuata Desemba. Simu inanunuliwa kabla ya kupanda basi la kutoka Dar es Salaam au Arusha, au inanunuliwa hapa hapa mjini tarehe 22 au 23, ili tarehe 25 baada ya misa, ndafu ikiwa mezani na mbege ikizunguka, mtu aitoe mfukoni na kupiga picha ya familia. Tangu iPhone 11 Pro ilipotoka mwaka 2019 na kamera zake tatu za nyuma, watu wameipa jina la macho matatu, na jina hilo limekuwa kipimo. Nimeshuhudia kijana aliyefanya kazi mwaka mzima akiulizwa na mjomba wake, mbele ya watu, “Wewe bado huna macho matatu?” Kijana aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemuuliza kama amelipa kodi ya chumba chake.

Simu mpya ikiingia, ya zamani haitupwi. Hilo ni jambo zuri letu na nalipenda. Kaka mkubwa anampa mdogo wake, mdogo anampa shemeji, shemeji anaipeleka nyumbani kwa mama. Simu moja inaweza kupita mikono minne kuanzia Kariakoo hadi juu kwenye migomba. Sasa fuatilia njia yake uone inafika ikiwa na hali gani. Kila mkono unaoiachia unaiachia kwa sababu ya kasoro fulani, na hakuna anayeitengeneza kasoro hiyo kabla ya kuipitisha. Chaji haikai, anapewa mdogo. Kioo kimepata ufa, anapewa shemeji. Tundu la chaji limelegea mpaka waya uegemezwe kwa kitabu cha nyimbo, anapewa mama. Yule ambaye hawezi kushuka mjini kwa fundi, ambaye umeme wake ukikatika unakaa siku nzima, ndiye anayepewa betri iliyochoka kuliko zote.

Na mama zetu wanazitegemea simu hizo kuliko sisi. Mama yangu anapokea pesa humo, ananunulia umeme humo, anapata taarifa za ushirika wa kahawa humo. Oktoba mwaka jana nilimpigia kutwa nzima nikimtafuta, hakupatikana. Mdogo wangu naye alimpiga, hapatikani. Tulimtuma jirani usiku. Mama alikuwa mzima, ameketi jikoni. Simu tu ndiyo ilikuwa imezima tangu mchana na umeme haukuwepo. Nilikasirika kwa hofu, nikamwambia awe anachaji mapema. Nilimlaumu yeye kwa kosa la betri niliyompa mimi.

Betri hizi zina umri, na umri wake unajulikana. Apple yenyewe imeeleza kwamba betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya chaji. Kuanzia iPhone 15 wanasema mizunguko 1,000. Mtu anayemaliza chaji nzima kila siku anafikisha mizunguko 500 ndani ya mwaka mmoja na miezi minne na ushei. Ongeza joto. Simu inayokaa juu ya dashibodi ya hiace mwezi wa Februari, au inayochajiwa usiku kucha chini ya mto, inazeeka mapema zaidi. Kwa hiyo ule mwaka wa pili ambao sote tunasema “simu imechoka”, kilichochoka mara nyingi ni kipande kimoja tu, tena kipande kinachobadilishika.

Watengenezaji wanalijua hili vizuri. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizozeeka, ili zisizime ghafla. Watu walikasirika sana, kwa sababu wengi walikuwa wameshanunua simu mpya wakidhani za zamani zimekwisha. Apple ikaomba radhi na kushusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka mzima wa 2018. Kumbuka kwamba ndiyo kwanza iPhone X ilikuwa imeingia sokoni kwa dola 999. Tarehe 2 Januari 2019, Tim Cook, aliyekuwa akiiongoza Apple wakati huo, akawaandikia wawekezaji kuwa mapato ya miezi mitatu ya mwisho ya 2018 yangekuwa dola bilioni 84, wakati awali walitarajia kati ya bilioni 89 na 93. Sababu kubwa aliyoitaja ilikuwa kudorora kwa soko la China. Lakini alitaja pia kwamba watu hawakubadilisha simu kwa wingi uliotarajiwa, na miongoni mwa sababu za hilo akaweka wateja waliochukua betri kwa bei ile iliyopunguzwa. Kampuni kubwa kiasi kile iliuona mkono wa betri ya dola 29 katika mahesabu yake. Mimi barua ile naichukua kama ushahidi kutoka kwa muuzaji mwenyewe.

Na sisi wa Moshi tusingehitaji kusubiri Apple ikiri. Waulize wapagazi wetu wanaopandisha wageni mlimani. Simu yenye betri nzee inasoma asilimia 40 pale kambi ya Barafu, juu mlimani, ukiitoa kupiga picha kwenye baridi ya alfajiri inazima papo hapo. Ukishuka, ikipata joto, inawaka na asilimia zake. Baridi hupunguza nguvu ambayo betri inaweza kuitoa kwa mara moja, na betri iliyozeeka ndiyo inashindwa kwanza. Ndiyo maana wapagazi hulala na simu ndani ya begi la kulalia, karibu na mwili. Wanalijua jambo hilo kwa vidole vyao.

Nirudi mjini. Mpwa wangu anaendesha bodaboda Majengo. Simu yake ya zamani ilianza kukataa chaji. Hakwenda kwa fundi. Alikwenda kuchukua simu ya mkopo. Akaweka kianzio cha shilingi 80,000, akakubali kulipa 1,500 kila siku kwa mwaka mmoja. Piga hesabu: 1,500 mara 365 ni 547,500. Jumlisha kianzio, inakuwa 627,500. Simu ile ile dukani kwa fedha taslimu ilikuwa 380,000. Siku ya pili ya Krismasi, tukiwa tumekaa uwanjani kwa bibi yake, akaitoa mfukoni kupiga picha na kioo kikawa kimejaa tangazo la kudaiwa. Alikuwa hajalipa siku mbili. Simu imefungwa, hapigi, hafungui WhatsApp, na wateja wake wa bodaboda wanampigia kwenye namba hiyo hiyo. Alitoka kimya kwenda kutafuta mtu wa kumwazima 3,000.

Mimi sipingi mkopo wa simu. Mama lishe anayechukua simu janja yake ya kwanza kwa kulipa kidogo kidogo, akaanza kupokea oda na kutuma picha za chakula, amepata kitendea kazi ambacho asingekipata kwa njia nyingine. Ninachokipinga ni mkopo wa kubadilisha simu inayotengenezeka. Ile simu ya zamani ya mpwa wangu niliibeba mwenyewe hadi kwa fundi. Aliipuliza, akachukua sindano na mswaki mkavu, akatoa kwenye tundu la chaji kidonge cha vumbi na nyuzi za mfuko wa suruali kilichogandamana kama sufi. Akachomeka waya. Ikaingia chaji. Alinidai 2,000.

Wapo watakaoniambia kwamba ninawataka watu wabaki nyuma. Hapana. Kuna wakati simu inatakiwa iondoke kabisa. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android zilizo chini ya toleo la 5.0 mwishoni mwa 2023, na mtu ambaye biashara yake yote iko humo hawezi kubaki na simu ya namna hiyo. Simu isiyopata tena masasisho ya usalama, na ndani yake kuna programu ya benki, ni hatari. Na hapo ndipo ningependa tuwe wakali zaidi tunaponunua, kuliko kuulizia idadi ya macho. Google iliahidi masasisho ya miaka 7 kwa Pixel 8 mwaka 2023, Samsung ikaahidi hivyo hivyo kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Simu nyingi tunazozimudu hazina ahadi ndefu kama hiyo, na hatuulizi. Ukiwa dukani muulize muuzaji: itasasishwa hadi lini? Betri yake inapatikana hapa Moshi? Kioo chake kikivunjika ni shilingi ngapi? Nilipouliza maswali hayo mara ya kwanza, muuzaji alidhani mimi ni mkaguzi. Lakini alikwenda kuuliza, akarudi na jibu, na jibu hilo ndilo lililoniamulia simu ya kununua.

Kwa anayenunua used, zile zilizokwishatumika tunazoziita za Dubai, usisahau kubonyeza *#06# na kulinganisha namba za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu, na zilizoandikwa kwenye boksi. Wengi tunakumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia na watu wakaamka wameshika vipande vya plastiki. Iangalie na afya ya betri. Kwenye iPhone inasomeka kwenye mipangilio yenyewe, na muuzaji anayekataa kukuonyesha amekwishakujibu.

Lakini ombi langu kubwa ni kwa anayenunua mpya kabisa, kwa fedha yake, kwa haki yake. Nunua. Ifurahie. Ila siku hiyo hiyo, kabla hujapanda gari la kwenda nyumbani, ipitishe ya zamani kwa fundi. Weka betri mpya. Safisha tundu la chaji. Futa zile video za magrupu zilizojaza memori mpaka simu inasuasua, maana mama hatajua kuzifuta, atadhani simu imemshinda. Ongeza ukubwa wa maandishi. Toa akaunti zako, ili siku ikifutwa na kuanzishwa upya isimdai nywila ambayo wewe mwenyewe umeisahau. Hili nimeliona likimfungia baba wa jirani yetu simu kwa wiki tatu. Ukiwa umelipa laki nane kwa simu ya mkononi mwako, elfu 30 ya simu ya mama haikushindi.

Elfu 30 ndiyo niliyolipa siku ile Double Road. Betri 25,000, ufundi 5,000. Fundi aliweka betri mpya, akaubandika mfuniko kwa gundi, akaukandamiza kwa vibanio vinne na kutuambia tusubiri. Mama alikaa kwenye stuli, mkoba mapajani, akivitazama vile vibanio kana kwamba mgonjwa wake yuko ndani. Alipokabidhiwa, aliigeuza nyuma, akapitisha kidole gumba ukingoni kuona kama bado pameinuka. Pametulia. Ule mpira wa noti akauvaa mkononi, akasema utafaa kufungia majani ya chai.

Jana saa tatu usiku nilimpigia. Akapokea haraka. Nilimuuliza simu iko wapi anapolala siku hizi, akasema iko kwenye kigoda, mbali na kitanda, kama fundi alivyomwagiza.

“Ina chaji ngapi, mama?”

“Ngoja nivae miwani.” Kimya kidogo. “Hamsini na nane. Na sijachomeka tangu asubuhi.”

Kisha akaanza kunieleza habari za ng’ombe, na tukaongea mpaka bando langu likaisha.