Friji imeingia, sakafu imechubuka: nani alipe?

Mkwaruzo wenyewe ulikuwa na urefu wa mita moja na nusu, kutoka mlango wa jikoni hadi pale friji ya zamani ilipokuwa imekaa. Nina uhakika kwa sababu niliupima. Vijana wawili walioleta friji mpya walitakiwa kuibeba, wakaivuta. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa limenasa, likazichana zile mbao za laminati kama zimepigwa randa. Wakati wa kushuka na friji ya zamani wakagonga kona ya ukuta wa ngazi, plasta ikadondoka. Mmoja wao akaweka mkono kifuani, akaomba radhi, akasema bado wana nyumba 14 za kufikisha mizigo kabla ya jioni. Na mimi, mtoto wa Magomeni, mdomo ukajiendea wenyewe: "Usijali, ndugu yangu." Nikawapa na soda.

Jioni nikamsimulia jirani yangu. Wanaoijua Leicester, huku England ninakoishi, wanajua kwamba mji huu umejaa Wahindi waliotoka Afrika Mashariki, na mzee huyu alizaliwa Mwanza, anaongea Kiswahili cha zamani kilichonyooka kuliko changu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "We kijana, umewasamehe kwa mali ya nani?"

Kweli. Nyumba si yangu, nimepanga. Kuna dhamana niliyoweka nilipoingia, ambayo kwa sheria iliyoanza kutumika England mwaka 2019 haizidi kodi ya wiki 5 kwa nyumba za watu wa hali yetu, lakini wiki 5 za kodi ya huku ni fedha ya kununulia kiwanja sehemu. Siku ya kuhama anakuja mtu na orodha yenye picha za kila chumba, kila kovu linahesabiwa. Huruma yangu kwa wale vijana ningeilipia mwenyewe.

Basi nikaanza kudai, na nitakiri nilianza vibaya. Nilipiga simu kwenye duka lililoniuzia friji. Dakika 35 za muziki, kisha dada mmoja mpole akaniambia magari si yao, ni ya kampuni nyingine waliyoipa kazi, niwatafute hao. Mzee wa Mwanza akacheka. "Simu haina kumbukumbu. Andika." Nikaandika. Nikawaambia fedha ya friji na fedha ya kuileta na kuifunga nimewalipa nyinyi, risiti ni yenu, mliyempa kazi ni shauri lenu. Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inataka huduma ifanywe kwa uangalifu na ustadi, na aliyechukua fedha yangu ndiye anayejibu.

Jibu la pili lilinichekesha. Walisema nilitia sahihi kwa kidole kwenye simu ya dereva kwamba mzigo umefika salama. Ni kweli, umefika salama! Friji haina hata alama. Sikuwahi kutia sahihi kwamba sakafu nayo imefika salama. Kilichoniokoa ni vitu viwili. Nilipiga picha dakika chache baada ya wao kuondoka, saa imeonekana kwenye simu, na ujumbe wao wa "tumefikisha" una saa yake. Halafu ile orodha ya mwenye nyumba niliyokuwa naiogopa ikageuka shahidi wangu, maana ina picha ya sakafu hiyohiyo siku niliyohamia, safi, inang'aa.

Wakanipa vocha ya pauni 40, "kwa hisani, bila kukubali kosa". Vocha ya kununua kwao tena, jamani. Nikakataa, nikaleta mafundi wawili wakaniandikia makadirio, la chini likiwa pauni 430 kwa sakafu na plasta. Nikatuma barua ya mwisho: siku 14, zikipita naenda mahakamani. England na Wales kuna utaratibu wa madai madogo, mwisho wake pauni 10,000, unaweza kufungua kwa intaneti bila wakili, na kwa dai la kiasi changu ada ni pauni 50 ambazo ukishinda anarudisha mdaiwa. Siku ya 12 wakalipa pauni 340. Wamekata kidogo kwa sababu sakafu ilikuwa ya miaka sita na huwezi kulipwa kama mpya. Hapo sikubishana, hesabu ni ya haki. Jumla wiki tisa, barua pepe 11. Kama ningelipa kwa kadi ya mkopo ningeweza pia kuibana kampuni ya kadi kwa sheria yao ya mikopo ya walaji ya 1974, lakini mimi ni mtu wa kulipa taslimu, malezi.

Sasa nyumbani.

Mwaka juzi nilimnunulia mama friji Kariakoo. Kwenye risiti, chini kabisa, yale maneno yetu ya siku zote: mali ikishauzwa hairudishwi. Mwenye duka akaita kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, dereva akaita vijana wawili wa kushusha, bei tukaelewana palepale kando ya barabara, na tangu dakika hiyo duka likanawa mikono. Vijana walipofika Magomeni wakaidondosha ile friji mlangoni, ikavunja marumaru tatu za varanda. Mama akashika kiuno, akasema "Mungu wangu," kisha akawaambia vijana wale wakae wapate maji ya baridi. Akawalipa fedha yao yote. Nilipomwuliza kwa nini hakukata hata elfu mbili, akanijibu kama anayemfundisha mtoto: "Nikate nini? Hajala tangu asubuhi yule."

Kwa miaka mingi nimesimulia kisa kama hicho huku ughaibuni kama ushahidi kwamba sisi tuna utu na hawa wana makaratasi. Wengi wetu tunaoishi huku tuna hotuba hiyo, tunaitoa kwenye kila sherehe, baada ya pilau. Siku hizi siiamini sana. Mama alikuwa sahihi kabisa kutomkata yule kijana. Lakini angalia nani amebaki na faida. Kijana kaondoka na ujira wake mdogo na aibu. Mama kabaki na varanda iliyovunjika. Aliyeuza friji ya zaidi ya milioni hakuulizwa kitu, na wala hajui kama kuna kilichovunjika. Huruma yetu inaishia kumkinga mtu ambaye hatumwonei huruma hata kidogo.

Kwetu dai linamwangukia mtu unayemwona usoni. Huyo siku zote ndiye mnyonge kuliko wote katika mnyororo mzima, kwa hiyo ama unamsamehe, ama unamtukana na kumnyang'anya ujira, na njia zote mbili ni mbaya. Nimeona hiyo ya pili pia, tena mtaani kwetu, kijana kashikwa shati, mpaka anaitwa mjumbe kuja kuamua. Huku niliweza kudai pauni 340 bila kulitaja jina la yule mwenye nyumba 14 za kufikisha mizigo. Barua zangu zote zilikwenda kwa mwenye duka.

Nisiwapambe sana, hata hivyo. Madereva wengi wa huku wanahesabiwa kuwa wamejiajiri, wanalipwa kwa kila mzigo, na sijui kama kampuni ile haikumgeuzia yeye ile fedha kimyakimya. Nilikosa usingizi siku mbili kwa hilo. Mke wangu, ambaye ni mtu wa Tanga na hana subira na majuto yangu, alisema nikitaka kumsaidia nisimlipie duka deni lake.

Na sheria si kwamba kwetu hakuna. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa fidia aliyeumizwa kwa mkataba kuvunjwa. Tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume yake, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Wenzetu wa Kenya wamekwenda mbele zaidi, wana Mahakama ya Madai Madogo iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, mwisho shilingi milioni moja za kwao, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Kinachotukwamisha kinatokea mapema kuliko mahakama, palepale kando ya barabara Kariakoo, tunapokubali kuelewana bei na dereva wa kirikuu badala ya duka. Ukishafanya hivyo, mkataba wa kusafirisha ni wako na yeye, na hata jaji mwema atahangaika kumfikia mwenye duka.

Mwezi uliopita mama alihitaji mashine ya kufulia. Nikampigia muuzaji kwa WhatsApp kabla sijatuma hata senti. Nikamwuliza nani ataleta. "Hilo ni lako na gari, bosi," akacheka. Nikamwambia basi nitanunua duka la pili yake. Kimya kidogo. Tukazungusha maneno karibu saa nzima, mwisho tukakubaliana aongeze elfu 30 kwenye bei, alete yeye, na aandike kwa mkono wake kwenye risiti: "Tutafikisha hadi ndani, uharibifu juu yetu." Akaipiga picha, akagonga na muhuri. Akaniambia mimi ni wa kwanza kumwandikisha kitu kama hicho, na kwamba watu wa Ulaya tuna matatizo.

Mashine imefika, hakuna kilichovunjika. Mama ananiambia vijana walivua viatu mlangoni wenyewe, maana duka liliwaonya. Amewapa chai na vitumbua, na kamwekea mmoja vingine kwenye mfuko apeleke nyumbani. Zile marumaru tatu za varanda bado hazijabadilishwa, kaweka mkeka juu yake.