Ala ya bastola yenye optiki ni mtihani

Hawa wauzaji wa ala za bastola wametuchosha. Tangazo linasema inafaa bastola yenye optiki, yaani kilengeo cha kioo chenye nukta ya mwanga kinachofungwa juu ya bastola; ukiifungua unakuta wamekata kipande pale mdomoni tu, basi. Optiki inaingia, sawa, lakini kile kikinga jasho, ukuta wa ala unaotenganisha bastola na mwili, kinaigusa, na ukiirudisha bastola inakwama kabla ya kufika mwisho. Nyingine imekatwa vizuri, ila mfereji wake wa ndani, wa kupitishia kilengeo cha mbele, ni mfupi. Kilengeo cha mbele, kile kirefu cha kuonekana juu ya optiki, kinakwaruza plastiki kila ukichomoa.

Halafu kuna wanaokushauri uchukue ya kitambaa, ile ya saizi moja kwa bastola zote. Jamani! Ala isiyofunika triga kwa kitu kigumu siivai kiunoni hata nikipewa bure.

Na hata ukipata inayokaa, jasho na nyuzinyuzi za shati vinaishia kwenye kioo. Optiki ya wazi, ile ambayo kitaa cha kutoa nukta hakijafunikwa, ndiyo balaa: uchafu kidogo ukiziba kitaa hicho, nukta hiyooo, imepotea. Mpini wa bastola nao unatokeza kwenye shati kama nundu, na kibawa cha ala cha kuusukuma ndani, kuelekea mwilini, kinauzwa kando, bila shaka.