Fungu la Mwenye Sura

Msanii akifika Kojani, Pemba, kuwarekodi wavuvi, akaambiwa atoe chochote kabla hajawasha kamera, lawama huanza: watu hawa wameharibika, wanataka pesa tu. Nimeyasikia hayo Wete na Mjini Unguja, tena kutoka kwa watu wanaoipenda sanaa kwa dhati.

Nadhani wasemao hivyo hawajakaa pwani mgao ukipigwa. Samaki wakishanadiwa, hutolewa kwanza gharama: mafuta, barafu, chakula cha baharini. Kinachobaki hukatwa mafungu. Chombo kina fungu lake, na mbao hazili. Nyavu zina fungu, mashine ina fungu, na mwenye mali hulichukua hata kama usiku ule alilala kwake. Nahodha huzidishiwa. Mabaharia hugawana kilichosalia, na kila mmoja huondoka na kitoweo. Hesabu hutofautiana chombo kwa chombo, lakini msingi wake mmoja: kilichofanya kazi safarini kina chake. Hata wavu uliotoboka! Sasa filamu imevuliwa kwa sura, sauti na migongo ya watu hao hao. Baharia akiuliza fungu lake liko wapi, hiyo ni tamaa, au ni hesabu aliyolelewa nayo?

Wengine hujibu kwamba msanii ana barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa eneo. Sheha humruhusu mgeni kuingia shehiani. Sura ya mtu si mali ya sheha kuitoa.

Msanii naye ana neno. Filamu za namna hii mara nyingi hazirudishi hata nauli. Na bila yeye, nani ataweka kumbukumbu ya dago, vijana wa Kojani wanapohama kufuata samaki hadi pwani ya Kenya, au ya fundi anayekalafati chombo kwa pamba? Zaidi, anahofu kwamba pesa ikitangulia, watu wataigiza: tanga litatwekwa ili picha ipendeze, mashine ifunikwe turubai, na wajukuu warithi uongo. Hofu hii naiheshimu. Ila tusemezane kweli: anayetaka mashine ifichwe kwa kawaida ni mwenye kamera.

Na fungu si lazima liwe noti mkononi. Laweza kuwa makubaliano kabla ya kung'oa nanga, kama ya mgao: filamu ikiuzwa, chombo kipate nini, mabaharia nini, na waione wao kwanza, kwa Kiswahili, kwenye ukuta wa skuli yao.

Tamasha letu la filamu la Zanzibar, lililoanza 1998, linaitwa la Nchi za Jahazi, na tuzo yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Siku msanii atakapolinyanyua, asione ajabu akipigiwa simu kutoka Kojani na kuulizwa kama anavyoulizwa kila anayetoka mnadani: mmeuza ngapi?