Kumbi za mtaani ndo zinapika wanamuziki, na Dar tulikuwa nazo

Wadau habari za jumapili. Mi ni mtoto wa Magomeni, huku Liverpool nina mwaka wa sita sasa. Ijumaa nimetoka kazini nikapitia ukumbi mmoja mdogo wa maigizo hapa mtaani, viti vimechakaa, watu hatukufika mia, kiingilio pauni 8. Ilikuwa bendi ya rock, vijana wanne ambao hata albamu hawajatoa.

Wimbo wa tatu uzi wa gitaa la solo ukakatika. Nikajua shoo imeishia hapo. Dogo akamwangalia mpiga drams, yule wala hakuacha, akashusha akawa anapiga taratibu, wa besi akamfuata, huku dogo kapiga magoti pembeni anafunga uzi mpya mikono inamtetemeka na sisi tunampigia makofi kufuata drams, kama dakika nne hivi, halafu gitaa likaingia palepale walipoliacha. Ukumbi mzima ulisimama. Kuanzia hapo walipiga kama watu wengine kabisa.

Na huku hilo wanalijua zamani. The Beatles wenyewe walipiga Cavern, kiukumbi cha chini ya ardhi hapahapa Liverpool, mara 292 kati ya 1961 na 1963, mpaka mchana watu wakiwa mapumziko ya kazi. Mara 292 ukumbi mmoja!

Sasa kilichoniuma ni kwamba sisi haya tulikuwa nayo. Mzee wangu hadi leo ukimtajia ukumbi wa DDC Kariakoo anakaa vizuri kwenye kiti. Bendi ya Mlimani Park, ndo hao Sikinde, imeanza 1978, wapinzani wao Msondo wenyewe wanatokea NUTA Jazz ya 1964, na mashabiki wa Msondo na Sikinde walikuwa wanatambiana kama Simba na Yanga. Na haikutokea hivihivi, bendi zilikuwa za mashirika na jumuiya, vyombo vya shirika, mpiga gitaa analipwa mshahara kama karani, yani kazi yake ni mazoezi mchana na usiku jukwaani, wiki nenda wiki rudi. Ndo maana marehemu mzee Gurumo, mwimbaji wa Msondo, alikuwa vile.

Leo kijana anapanda na flashi, anaimba juu ya muziki uliorekodiwa nyimbo mbili anashuka. Sisemi hawana kipaji, Bongo Fleva imefika mbali na najivunia, ila huyo uzi utamkatikia lini mbele za watu? Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Mbagala na bendi ya watu watano, mwaka jana walijichanga laki mbili wakalipia ukumbi, siku mbili kabla mwenye ukumbi akawapa watu wa harusi na hela hajarudisha mpaka leo. Bendi imebaki na watu watatu.

Maisha ya huku sio ya kuyasifia, baridi, bili, jirani wa mlango wa pili hajui hata jina langu. Lakini hili moja wametuzidi na sio la hela nyingi. Manispaa zina kumbi, nunueni drams, spika na amplifaya mbili zikae pale, Alhamisi hakuna harusi, kiingilio buku tano.

Desemba nakuja, nyuzi za mdogo wangu nishanunua seti tatu. Mkipata ukumbi niambieni tarehe, nakaa mbele.