Kona ya kabati ikunjwe, isifichwe

Siupendi kabisa ule ukanda wa plastiki unaobandikwa kwenye kona za makabati ya MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Baada ya muda wa joto na deki za kila siku, gundi inaachia, ukanda unanyanyuka, na ubao uliobaki wazi unaanza kunywa maji na kuvimba. Kumbe kona hiyohiyo ingekunjwa, na mistari ya mbao ikateremka kutoka juu hadi ubavuni bila kukatika.

Ubao uliovishwa PVC, yaani ngozi nyembamba ya plastiki, unalazwa kifudifudi, mgongoni unachongwa mfereji wa umbo la V wenye nyuzi 90. Kwenye ncha ya V MDF inaondoka yote, PVC inabaki peke yake kama bawaba. Unapaka gundi nyeupe ya mbao, unakunja, na kuta mbili za nyuzi 45 zinakutana. Masanduku ya spika yametengenezwa hivi miaka mingi.

Kazi inaharibikia kwenye kina. Ubao unaouzwa kama wa milimita 18 unaweza kuzidi au kupungua kidogo, tena mwingine umepinda. Ukipima kina kutoka mgongoni mwa ubao, penye unene MDF inasalia na kona inakataa kufunga. Penye wembamba kisu kinapasua PVC. Niliwahi kuharibu hivyo ubao mzima ulionunuliwa kwa pesa ya kianzio ya mteja, nikaulipa mwenyewe. Tangu siku hiyo napima kutoka mezani: ncha ya kisu inasimama juu ya meza kwa unene wa PVC tu, na ubao unabanwa ulale bapa. Hapo unene ubadilike utakavyo, kinachobaki ni kilekile. Kisha piga brashi mfereji wote kabla ya gundi, maana chembe moja ya vumbi inatosha kuacha ufa.

Ubao wa melamini, uliovishwa karatasi ngumu badala ya PVC, usiukunje hivihivi, karatasi yake ni kavu, itapasuka. Bandika tepu pana usoni kwanza, ukate mpaka melamini yenyewe nayo ikatike, tepu iwe ndiyo bawaba.

Kazi hii inakula muda, na ninaitoza zaidi bila kumwonea haya mteja. Namwekea vipande viwili mezani, cha ukanda na cha kukunja, namwambia apitishe kidole.